Mapambo ya kiingilio cha nyumba

Kiingilio cha nyumba ni sehemu inayounganisha nje na vyumba vya ndani: mlango wa mbele na kizingiti chake, kibaraza kilicho mbele ya mlango, na ukumbi mdogo au ujia anaoukuta mtu akishaingia. Mapambo ya kiingilio ni kazi ya kuipanga na kuipendezesha sehemu hiyo kwa rangi, samani, taa, kioo, mikeka, mimea na vitu vingine. Kwa kuwa eneo lake ni dogo, kiingilio hupambika kwa gharama ndogo kuliko chumba kingine chochote, hasa kama mwenye nyumba atatumia samani za zamani alizonazo badala ya kununua mpya. Makala hii inaeleza kazi hiyo kwa mfano wa nyumba za Afrika Mashariki, pamoja na namna ya kukarabati samani za mbao na hatari zinazoweza kujificha ndani yake.

Kiingilio katika nyumba za pwani

Kwenye mwambao wa Waswahili kiingilio kimepewa uzito kwa karne nyingi. Katika mji wa kale wa Lamu, ambako nyumba nyingi za mawe zilizobaki ni za karne ya 18, mgeni hupita hatua kadhaa kabla ya kuwafikia wenyeji. Kwanza ni daka, kibaraza chenye paa mbele ya mlango, na viti vya mawe pande zake mbili. Baada ya mlango kuna tekani, ukumbi mdogo wa ndani. Kutoka tekani njia hukata kona kabla ya kufika kiwanda, yaani ua wa ndani ulio wazi kwa juu. Kona hiyo imewekwa kwa makusudi: mpita njia asione shughuli za nyumbani hata kama mlango uko wazi. Wanaume wasio wa nyumba hiyo huishia daka, au hupandishwa moja kwa moja hadi sabule, chumba cha wageni kilicho ghorofani.

Katika Mji Mkongwe wa Zanzibar viti vya mawe hujengwa kando ya ukuta wa nje, kuelekea njia. Huitwa baraza. Hapo watu huongea, hucheza bao, hunywa kahawa, na mvua ikinyesha sana wapita njia huweza kupanda juu yake wasikanyage maji. Neno lenyewe limesafiri mbali: kutoka kiti cha mawe limekuwa jina la kikao cha watu wanaokikalia, na mwishowe serikali zikapata Baraza la Mawaziri.

Mlango ndio uliokula gharama kubwa. Milango ya kale ya Zanzibar, Lamu, Mombasa, Bagamoyo na miji mingine ya pwani ina mbao mbili zinazofunguka katikati, miimo iliyochongwa nakshi, na mfaa, ambao ni ule mti wa katikati unaofunika mahali mbao hizo zinapokutana. Milango mingi ina kizingiti cha juu kilichonyooka. Ile yenye tao juu, iliyobeba athari za Kihindi, ilienea zaidi kuelekea mwisho wa karne ya 19. Misumari mikubwa ya shaba inayotokeza nje husemwa ilianza India kwa ajili ya kuzuia tembo wasivunje milango. Mjini Zanzibar hapakuwa na tembo wa kuvunja mlango wa mtu. Misumari ilikuja kama pambo na ishara ya uwezo.

Watu wa kawaida hawakuwa na mlango wa namna hiyo. Kwenye nyumba za udongo na makuti kiingilio kilipambwa kwa vitu vya karibu: mkeka wa ukindu uliotiwa rangi, kibaraza kilichosiribwa vizuri, mtungi wa maji wenye kata, mrehani au mwasumini kando ya mlango. Ukweli huu unafaa kukumbukwa na anayedhani kwamba kupamba ni kazi ya wenye fedha.

Kazi ya kiingilio

Kabla ya kununua au kupaka chochote, yafaa kujiuliza watu hufanya nini mahali hapo. Katika nyumba nyingi za Afrika Mashariki jibu ni moja: wanavua viatu. Mgeni hupiga hodi, hukaribishwa, huinama kuvua viatu, na wakati wa kuondoka huinama tena kuvivaa. Kwa hiyo kitu cha kwanza kinachohitajika hapo ni mahali pa kuweka viatu na mahali pa kukaa, kabla ya picha na maua. Mzee mwenye magoti mabaya ambaye hulazimika kushika ukuta ili avae kiatu anaacha alama ya kiganja kwenye rangi mpya, na kosa si lake.

Kiti au benchi la kuvalia viatu hufaa likiwa na kimo cha sentimita 45 hivi. Rafu ya viatu haihitaji kina kinachozidi sentimita 35. Baada ya kuweka samani ni vizuri njia ibaki na upana wa angalau sentimita 90, ili mtu aliyebeba ndoo au mtoto mgongoni apite bila kugonga. Pale ambapo ujia ni mwembamba kuliko hivyo, afadhali ndoano za ukutani kuliko kabati. Ndoano za watu wazima huwekwa kwenye kimo cha mita 1.6 au 1.7, na za watoto kwenye mita 1, vinginevyo mikoba ya shule itaendelea kulala sakafuni.

Kioo hutumika kwa mambo mawili: mtu hujitazama kabla ya kutoka, na mwanga huongezeka. Ili kiongeze mwanga ni lazima kielekee mahali mwanga unapotoka, kama dirisha au uwazi ulio juu ya mlango. Kioo kilichowekwa kukabili ukuta wenye giza huonyesha giza hilo mara mbili. Katikati yake huwa kwenye kimo cha mita 1.5 hivi.

Kuchagua samani ya kukarabati

Si kila samani ya zamani inastahili kazi. Ya kwanza kuangaliwa ni mbao yenyewe. Meza, stuli, makabati na mabenchi mengi yaliyotengenezwa na maseremala wa miongo iliyopita ni ya mninga, mvule, mkangazi au mtiki. Miti hiyo huchukua miongo mingi kukomaa, na mbao zake leo ni ghali. Mara nyingi kitu kinachotupwa nyuma ya nyumba kwa sababu rangi imebanduka kina mbao bora kuliko kinachonunuliwa dukani kukirithi. Kinyume chake, samani za chipbodi, yaani vipande vya mbao vilivyosagwa na kubanwa kwa gundi, zikishaingiwa na maji huvimba na kumong'onyoka, na msasa hauwezi kuzirudisha. Njia rahisi ya kuzitambua ni kutazama upande wa chini au nyuma ya kabati, mahali ambapo fundi hakuhangaika kuficha. Mbao halisi huonyesha mistari yake hadi kwenye kingo. Chipbodi huonyesha punje.

Halafu samani hutikiswa. Kiti kinachocheza kwenye viungo si kibovu. Gundi yake ndiyo iliyokufa, na tiba yake ni nafuu. Mguu uliopasuka kufuata urefu wake pia huungika. Mguu uliooza kwa kukaa kwenye maji ni lazima ukatwe na kuungwa mwingine, na hapo gharama ya fundi huanza kupanda.

Jambo la tatu ni wadudu. Mchwa hula mbao kwa ndani na kuacha ganda la nje, kwa hiyo mbao hugongwa kwa mpini wa bisibisi na kusikilizwa: sauti ya utupu ni dalili mbaya. Wadudu watoboao mbao huacha matundu madogo ya duara. Tundu peke yake halithibitishi kwamba mdudu bado yumo, kwa sababu huenda alitoka miaka mingi iliyopita. Dalili ya uhai ni unga mpya, mweupe au wa rangi ya maziwa, unaodondoka chini ya matundu. Ili kuhakikisha, samani huwekwa juu ya karatasi nyeusi au kitambaa cheusi kwa wiki kadhaa. Unga ukionekana, mbao hutibiwa kabla ya kuingizwa ndani, kwa dawa ya mbao au kwa mchanganyiko wa boraksi na maji unaopakwa kwenye mbao tupu zisizo na rangi wala vanishi, ili upenye.

Watu wengi hupaka oili chafu ya magari. Kwa nguzo ya uzio iliyo nje desturi hiyo imezoeleka, lakini kwa samani ya ndani haifai hata kidogo: oili hiyo imebeba metali na mabaki ya mafuta yaliyoungua ambayo ni sumu, hunuka kwa miezi, hushika nguo za anayekalia, na rangi itakayopakwa juu yake haitashika.

Mapaleti ya mizigo nayo hutumika sana siku hizi kutengenezea rafu na mabenchi ya kiingilioni. Kwenye ubavu wa paleti iliyosafirishwa kati ya nchi na nchi huwa kuna muhuri wenye herufi. HT maana yake mbao zilitibiwa kwa joto, na hizo zinafaa. MB maana yake zilifukizwa kwa gesi ya methili bromidi, ambayo ni sumu, hizo ziachwe. Paleti isiyo na muhuri, au yenye madoa ya kemikali iliyomwagika, iachwe pia, hata ikitolewa bure.

Hatari ya rangi za zamani

Hili ndilo jambo ambalo maelezo mengi ya mapambo hulipita haraka, nalo ndilo lenye madhara makubwa zaidi. Kwa sehemu kubwa ya karne ya 20 rangi nyingi za mafuta zilichanganywa na madini ya risasi ili zing'ae, zikauke upesi na kudumu. Rangi za namna hiyo bado zipo kwenye milango, madirisha, vitanda na makabati ya zamani, na katika nchi mbalimbali zimeendelea kuuzwa hadi miaka ya karibuni.

Rangi ya risasi ikiwa nzima haina hatari kubwa. Hatari huja inapobanduka, na zaidi inapopigwa msasa mkavu, kwa sababu vumbi lake hutua sakafuni, kwenye vyombo na kwenye mikono ya watoto. Mtoto huvuta vumbi hilo na kulilamba. Risasi huathiri ubongo unaokua: hupunguza uwezo wa kujifunza na wa kutulia, na madhara yake hayaponi. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa hakina madhara. Mama mjamzito naye akikaa kwenye vumbi hilo huweza kumdhuru mtoto aliye tumboni. Mwalimu anaweza kuhangaika mwaka mzima na mwanafunzi asiyetulia bila kujua kwamba chanzo kiko kwenye kitanda kilichopakwa rangi inayobanduka.

Mtu hawezi kutambua risasi kwa macho. Kwa hiyo rangi yoyote ya mafuta iliyozeeka, hasa nyekundu, njano, kijani na rangi ya chungwa inayokolea, ichukuliwe kuwa na risasi mpaka ithibitishwe vingine. Kazi ifanyike nje, mbali na watoto, kuku na kisima. Rangi ilowanishwe kwa maji na kupigwa msasa wa maji, au ikwanguliwe ikiwa na unyevu, ili vumbi lisiruke. Isichomwe kwa moto wa gesi, kwa kuwa joto kali hugeuza risasi kuwa mvuke unaovutwa. Chini patandikwe nailoni, mabaki yakusanywe na kufungwa ndani yake, na nguo za kazi zifuliwe peke yake. Barakoa ya kitambaa haizuii vumbi laini kama hilo. Inayotakiwa ni ile ya kuchujia vumbi inayouzwa kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi.

Njia iliyo salama na nafuu kuliko zote mara nyingi ni kutoiondoa rangi hiyo kabisa. Kama imeshika vizuri, husafishwa, hukwaruzwa kidogo ikiwa na maji, kisha hufunikwa kwa rangi mpya. Wakati wa kununua rangi mpya, mnunuzi asome kopo. Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa linapendekeza sheria za nchi zisiruhusu rangi yenye risasi inayozidi sehemu 90 kwa milioni.

Kukarabati hatua kwa hatua

Samani husafishwa kwanza kwa kitambaa chenye maji ya sabuni, kikiwa kimekamuliwa vizuri, kisha hukaushwa kivulini. Jua kali la mchana hupindisha mbao zilizolowa. Usafi huu haufai kurukwa: mara nyingine kinachoonekana kama vanishi iliyoharibika ni moshi wa jikoni na mafuta ya mikono, na chini yake samani ni nzima.

Viungo vinavyocheza hufunguliwa taratibu kwa nyundo ya mpira, au nyundo ya kawaida iliyozungushiwa kitambaa. Gundi ya zamani iliyotokana na wanyama hulainika kwa maji ya moto. Gundi ni lazima ikwanguliwe yote, kwa maana gundi mpya haishiki juu ya ile iliyokufa. Kisha hupakwa gundi nyeupe ya mbao, kiungo hurudishwa na kubanwa usiku kucha. Asiye na jiliwa anaweza kuzungusha kamba kwenye miguu ya kiti mara mbili, akapitisha kijiti katikati ya nyuzi na kukisokota mpaka kamba ikaze. Kupigilia msumari kwenye kiungo kinachocheza ni kosa la kawaida. Msumari hushika kwa mwezi mmoja, halafu hupasua ulimi wa mbao, na kiti ambacho kingepona kwa gundi huishia kuwa kuni.

Matundu na nyufa ndogo huzibwa kwa unga wa mbao ileile uliochanganywa na gundi. Mtoto wa meza anayekwama husuguliwa mshumaa au kipande cha sabuni kavu pembeni.

Msasa hufuata. Neno hili ni jina la mti wa Kiafrika ambao majani yake ni makavu na makali kama tupa, na mafundi waliyatumia kulainishia mbao kabla ya karatasi za dukani kuenea. Karatasi za msasa zina namba nyuma yake. Namba ikiwa ndogo msasa ni mkali. Kwa samani iliyochakaa huanzwa na 80 au 100, ikafuata 120, na kumalizia na 180 au 220. Msasa hupelekwa kufuata mistari ya mbao. Ukivutwa kukata mistari huacha mikwaruzo isiyoonekana mpaka vanishi ipakwe, na hapo huonekana yote. Miguu iliyokerezwa na nakshi hufanyiwa kazi kwa kipande cha msasa kilichozungushiwa uzi mnene au ukili.

Baada ya hapo huja uamuzi: vanishi au rangi. Mbao nzuri kama mninga kuipaka rangi ni kuificha, ingawa wapo wanaofanya hivyo kwa kufuata mitindo ya picha za mitandaoni. Rangi iachiwe mbao za paina, mbao za aina mbalimbali zilizounganishwa katika kitu kimoja, na samani zenye viraka vingi. Anayetaka kujua ni nini kilichopakwa juu ya samani achukue pamba yenye spiriti na kusugua mahali palipofichika. Rangi ya maji italainika na kushika pamba. Rangi ya mafuta haitabadilika. Rangi ya maji ikipakwa moja kwa moja juu ya ile ya mafuta inayong'aa hubanduka kama ganda la yai, kwa hiyo uso wake ni lazima ukwaruzwe kwanza na kupakwa rangi ya msingi.

Vanishi hupakwa nyembamba mara mbili au tatu. Mpako wa kwanza huongezwa thina kidogo ili uzame, na kila mpako ukikauka hupigwa msasa mwepesi wa 220 na vumbi kufutwa kabla ya mwingine. Pwani, na kwingineko wakati wa masika, unyevu wa hewa huchelewesha ukaukaji, na vanishi huweza kupata ukungu mweupe. Hapo ni bora kusubiri siku kavu na kumaliza kazi mapema mchana.

Kiasi cha kununua hukadiriwa kwa hesabu. Lita moja ya vanishi hufunika takriban mita za mraba 10 kwa mpako mmoja. Meza ndogo ya kiingilioni yenye uso wa mita 1.2 kwa 0.6 ina uso wa mita za mraba 0.72; ukijumlisha miguu, kingo na upande wa chini, jumla inafika kama mita za mraba 2. Mipako mitatu ni mita za mraba 6, yaani lita 0.6. Kopo la lita moja linatosha, na linalobaki linapaka stuli. Wengi hununua galoni nzima kwa kutopiga hesabu hii, na vanishi hugandia kwenye kopo.

Vitambaa vilivyotumika kupakia mafuta ya kitani vina hatari yake. Mafuta hayo yanapokauka hutoa joto, na vitambaa vikirundikwa pamoja joto hushindwa kutoka hadi vinawaka vyenyewe bila kiberiti. Karakana zimeungua kwa namna hiyo. Vitambaa hivyo huanikwa kimoja kimoja nje mpaka vikauke na kukakamaa, au hutumbukizwa kwenye ndoo ya maji.

Viti vyenye sponji hupata uhai mpya kwa kitambaa tu ikiwa fremu ni nzima. Kitambaa cha zamani kisichanwe ovyo. Kikifumuliwa kwa uangalifu huwa ndiyo kipimo cha kukatia kipya. Kitenge kilichowekewa kitambaa kigumu kwa ndani kinafaa kwa kiti kisichokaliwa sana, ila rangi zake hupauka upesi kiingilioni kwenye jua. Viti vya kamba huweza kusukwa upya kwa kamba ya katani au ya nailoni. Ya katani hupendeza zaidi, ya nailoni hudumu zaidi.

Kuta, sakafu na mlango

Rangi mpya ya ukuta ndiyo hubadilisha kiingilio kwa haraka kuliko kitu kingine. Ujia wenye urefu wa mita 3 na kimo cha mita 2.6 una kuta mbili ndefu zenye jumla ya mita za mraba 15.6, kwa mipako miwili na lita moja kwa mita za mraba 10, zinahitajika lita 3.1, hivyo kopo la lita 4 hutosha. Rangi hafifu kama krimu au nyeupe yenye manjano kidogo hupanua mahali penye mwanga mdogo. Chini, hadi kimo cha mita moja hivi, mafundi wa shule na hospitali walizoea kupaka rangi ya mafuta nzito inayofutika, na busara yao haijapitwa na wakati, kwani hapo ndipo viatu, baiskeli na mikono ya watoto hugusa.

Nyumba za zamani za pwani zinahitaji tahadhari ya pekee. Kuta zake ni za mawe ya matumbawe yaliyoshikanishwa kwa chokaa, na huvuta na kutoa unyevu kama zinavyopumua. Zikipigwa lipu ya saruji au rangi ya mafuta, unyevu hufungiwa ndani, chumvi hujikusanya nyuma ya lipu, na baada ya misimu michache lipu huvimba na kuanguka ikiwa imebeba kipande cha ukuta. Chokaa iliyopakwa kila baada ya muda ni nafuu kuliko saruji na huutunza ukuta. Mara nyingi kiingilio ndicho huharibika kwanza, kwa sababu ndipo mwenye nyumba anapotaka paonekane pa kisasa.

Sakafuni mkeka wa ukindu huleta rangi na hukunjwa kufagia, lakini haufai kufutia miguu yenye tope. Kwa kazi hiyo kizulia cha nyuzi za kumbi la nazi au cha vipande vya tairi huwekwa nje ya mlango. Ndani, kanga kuukuu iliyoiva rangi vizuri hutiwa kwenye fremu na kuwa picha. Jina lake ni lile lililoandikwa kwenye kanga yenyewe, na mgeni akilisoma mazungumzo huanza. Mimea ya mlangoni hupandwa kwenye makopo yaliyotobolewa chini: mshubiri huvumilia ukame, mrehani na mwasumini hutaka jua na maji lakini hulipa kwa harufu.

Samani na milango ya kale

Kuna vitu ambavyo havifai kufanyiwa ukarabati wa nyumbani. Makasha yenye misumari na mabamba ya shaba, ambayo mengi yaliletwa kutoka India kwa majahazi, viti vya enzi vya mpingo vilivyopambwa kwa mfupa au pembe, vitanda vya miguu iliyokerezwa na kutiwa rangi, pamoja na milango ya nakshi, hupoteza sehemu kubwa ya thamani yake vikipigwa msasa. Weusi uliojikusanya juu ya mbao kwa miaka mia moja haurudi ukishaondolewa. Shaba ya kitasa cha kawaida husafishwa kwa ndimu na chumvi au kwa ukwaju, kisha husuuzwa mara moja. Shaba ya kasha la kale hufutwa kwa kitambaa kikavu tu, maana tindikali ya ndimu hula chuma hicho na kuchafua mbao za pembeni.

Wanunuzi hupita majumbani wakitafuta vitu hivyo, na mara nyingi hutoa bei ya samani kuukuu kwa kitu ambacho kitauzwa mara nyingi ya hiyo. Familia hukubali kwa sababu kasha limevunjika bawaba au mlango umeoza chini, bila kujua kwamba seremala angeweza kuunga kipande hicho kwa siku moja. Tanzania Bara, Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inaitaja milango ya mbao na fremu zake zilizochongwa kwa mtindo wa Kiafrika au wa Mashariki kabla ya 1940 miongoni mwa vitu vinavyolindwa, na kuvipeleka nje ya nchi kunahitaji kibali. Mji Mkongwe wa Zanzibar uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2000, na mji wa kale wa Lamu mwaka 2001. Katika miji hiyo mwenye nyumba anayetaka kubadilisha mlango, daka au baraza huomba kwanza ruhusa ya mamlaka ya uhifadhi.

Mlango uliooza chini hukatwa sehemu iliyooza tu, na kuungwa mbao ya aina ileile iliyokauka vizuri. Mafundi wa kuchonga milango bado wapo Lamu na Unguja, na wengi wao hupokea kazi ya kiraka kama wanavyopokea ya mlango mzima.